Mshale mwepesi, wa kati au mzito: upi unaufaa upinde wako wa kampaundi?

Shemeji yangu alinunua upinde wa mtumba wa kampaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, mwezi wa saba, akauning'iniza gerejini kama picha ya harusi. Wiki iliyopita akanipigia simu. "Shem, niko dukani. Kuna mishale ya bei tatu. Nichukue ipi?" Nikamuuliza upinde wake unavuta pauni ngapi. Hajui. Urefu wa mvuto wake, yaani anauvuta nyuma inchi ngapi, je? Hajui. "Basi usinunue kitu," nikamwambia. "Nakuja Jumamosi."

Tuko Minnesota, ambako msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba na kwenda hadi tarehe 31 Desemba. Kulungu ninayemsema ni yule wa mkia mweupe, ambaye Waswahili wa huku wamezoea kumwita dia, yakaisha. Mimi ni Mkenya, na kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo haya yote nimejifunzia ughaibuni, ukubwani, na kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua upinde duka moja na mishale duka jingine kwa sababu ilikuwa imepunguzwa bei, na muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Kwa vyembe vya mazoezi, yaani vichwa vya mshale vya kupigia shabaha, ilikwenda vizuri tu. Nilipofunga vyembe vya kuwindia ikaanza kuyumba. Kundi la mishale lililokuwa likienea kwenye kisahani cha chai likahitaji sinia. Nusu ya msimu niliulaumu mkono wangu, kumbe mishale ilikuwa laini mno kwa upinde ule.

Upime upinde kwanza

Jumamosi tulianza na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Kibandiko kwenye upinde wa shemeji kinasema pauni 70, lakini mwenye upinde wa kwanza alikuwa amelegeza bolti za mabawa, ile mikono miwili ya upinde inayopinda, na mizani ikasoma 60. Huo ndio uzito wa mvuto tunaofanyia hesabu. Cha kwenye kibandiko ni kikomo tu.

Urefu wa mvuto ukakadiriwa kwa njia ya wengi: anyooshe mikono pande zote kama anayepimwa kanzu, upime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati, kisha ugawanye kwa 2.5. Alipata inchi 70, sawasawa na mvuto wa inchi 28. Ashukuru Mungu upinde ulikuwa umeshawekwa hapo hapo. Mtumba hauwi na huruma hivyo kila siku.

Kwa upinde wake na kiegemeo chake, pale mshale unapolala, wano la inchi 28 linatosha na kubakiza kidogo mbele ya kiegemeo. Wano ndio ule mwili wa mshale wenyewe, hata kama siku hizi si mti tena. Na kwa kampaundi usiwe mti kabisa. Tangu Holless Allen wa Missouri alipopata hataza ya upinde wa aina hii mwaka 1969, magurudumu yake yameweka nishati nyingi kwenye mabawa na kuitoa kwa ghafla. Mshale wa mbao uliochongwa kwa ajili ya upinde wa jadi unaweza kupasukia mkononi. Mtu akikuletea mishale mizuri ya mbao kama zawadi, itundike ukutani.

Namba ya ugumu, inayochanganya wengi

Kila wano limeandikwa namba: 500, 400, 340, 300. Wageni hudhani namba kubwa ndiyo wano gumu. Ni kinyume chake. Wano huwekwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, katikati likaning'inizwa uzito wa pauni 1.94, kisha likapimwa limebonyea kiasi gani. Likishuka inchi 0.400 huitwa 400, likishuka inchi 0.300 huitwa 300. Namba ndogo, mshale mgumu.

Ugumu una maana kwa sababu upote, ile kamba ya upinde, ukiachiliwa, mshale hauendi mbele ukiwa umenyooka. Unapinda, unajikunjua, unapinda upande wa pili, na yote hayo kabla haujafika mbali. Ukipinda kupita kiasi, chembe kipana cha mbele kinashika upepo kama tanga na kuuongoza kinapotaka chenyewe. Chembe cha mazoezi hakina upana huo, ndiyo maana kinakuficha ubaya wa mshale mpaka wiki ya kwanza ya msimu.

Mambo mawili hubadilisha ugumu hata baada ya kununua. Ukilikata wano likawa fupi, linakuwa gumu zaidi. Ukiongeza uzito wa chembe, linakuwa kama limelainika. Kwa hiyo anayetoka chembe cha greni 100 kwenda cha greni 150 bila kubadili wano amebadili mshale wote, hata kama haoni tofauti kwa macho. Greni, kwa asiyeijua, ni kipimo kidogo sana: 7,000 ndizo zinazotimiza pauni moja.

Kwa pauni 60, wano la inchi 28 na chembe cha greni 100, majedwali mengi yanaangukia 400. Kwa pauni 70 na inchi 29 yanakwenda 340 au 300. Jedwali la mtengenezaji wa mshale wako ndilo la kufuata, maana linajua pia kama magurudumu ya upinde wako ni makali au ya upole. Ukijikuta mpakani kati ya namba mbili na upinde wako ni wa kisasa wenye kasi, mimi ningechukua ngumu zaidi.

Mitatu ya ugumu mmoja

Sasa tulingane. Mishale hii mitatu yote ni ya 400, inchi 28, manyoya matatu mafupi ya plastiki, chembe cha greni 100. Tuliirusha kwa upinde wa shemeji mbele ya kipima kasi.

| | Kaboni tupu | Kaboni yenye ganda la alumini | Alumini tupu |
|---|---|---|---|
| Uzito wa wano kwa inchi | kama greni 9 | kama greni 10.2 | kama greni 12 |
| Mshale mzima | greni 395 | greni 429 | greni 496 |
| Greni kwa kila pauni ya upinde | 6.6 | 7.2 | 8.3 |
| Kasi, futi kwa sekunde | 265 | 256 | 239 |
| Nishati, futi-pauni | 61.6 | 62.4 | 62.9 |
| Msukumo, pauni-sekunde | 0.46 | 0.49 | 0.53 |
| Ukigonga jiwe | mzima au umevunjika | ganda hupinda | hupinda |
| Bei | ya kati | ya juu | ya chini |

Shemeji macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kasi. "Hii ya kaboni inakimbia, Shem. Kwa nini nisichukue hii nikamaliza?"

Nikamwonyesha mstari wa nishati. Kutoka mshale mwepesi kabisa hadi mzito kabisa, kasi imeanguka futi 26 kwa sekunde lakini nishati haijapungua. Imepanda kidogo, kwa kuwa upinde humpa mshale mzito sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake badala ya kuimaliza kwenye kelele na mtetemo. Msukumo umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 13, na msukumo ndio unaousaidia mshale kuendelea kupenya ukishakutana na ubavu.

Lakini mshale wa kasi si unasamehe makosa ya kukisia umbali? Ndiyo hoja ya wauzaji wote, na ina ukweli. Tulifanya hesabu mezani. Umeweka alama yako ya yadi 30, kulungu kumbe yuko yadi 35. Ukiacha upepo na msuguano wa hewa, mshale wa greni 395 utapiga chini kwa inchi 4.3 hivi. Ule wa greni 496 utapiga chini kwa inchi 5.3. Tofauti ni inchi moja! Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni kama inchi 8 hadi 10, kwa hiyo ukilenga katikati, mishale yote miwili umeipeleka ukingoni. Kilichokukosesha ni yadi tano, na dawa ya hilo ni kipima umbali cha leza. Kwa yadi 20, ambako ndiko kulungu wengi wa huku hupigiwa kutoka juu ya mti, sioni sababu ya kununua kasi.

Kuna na sauti. Sauti husafiri kama futi 1,100 kwa sekunde, mshale wetu wenye kasi kuliko yote haufiki hata 300. Kulungu anasikia upote kabla mshale haujafika, na akishtuka hujibonyeza chini ili aruke, mshale ukampita juu ya mgongo. Ule wa alumini ulipotoka, upinde ulitoa mlio mzito, mfupi, kama mlango wa friji. Ule wa kaboni ulilia kama rula iliyopigwa ukingoni mwa dawati. Mke wa shemeji alikuwa kibarazani akasema bila kuulizwa, "Hiyo ya pili ina kelele."

Mwepesi una ukuta wake pia. Usishuke chini ya greni 5 kwa kila pauni ya mvuto, yaani greni 300 kwa upinde wa pauni 60. Chini ya mpaka huo upinde hauna cha kusukuma, na unaumia karibu sawa na kuufyatua mtupu. Kasi zinazotangazwa kwenye matangazo ya pinde hupatikana hapo hapo mpakani: pauni 70, mvuto wa inchi 30, mshale wa greni 350. Shemeji hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Mbona basi nisimwambie achukue alumini, iliyo nzito, tulivu na rahisi? Karibu nimwambie. Alumini huja imenyooka vizuri, na namba zake zinasomeka: 2117 maana yake upana wa inchi 21/64 na ukuta wa inchi 0.017. Tatizo lake ni kupinda. Mshale uliogongana na mwenzake kwenye shabaha, au ulioanguka kutoka juu ya mti, unaweza kupinda kiasi usichokiona, ukaendelea kuutumia wiki mbili ukijiuliza umekosa nini. Uuzungushe kwenye ukingo wa meza ya kioo kila ukirudi: ukirukaruka, umekwisha. Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi hunyoosha mawano yao kwa meno baada ya kuyapasha moto, tena yakanyooka. Sisi tuliouziwa unyofu wa inchi 0.003 hatuna meno hayo.

Kaboni haina ugonjwa wa kupinda. Ama nzima ama imevunjika, na hatari yake ni ile ya katikati, imepasuka bila kuonekana. Kabla ya kila kipindi cha mazoezi, shika ncha mbili, ikunje taratibu mbali na uso, izungushe, ikunje tena, usikilize. Ukisikia mlio mdogo kama wa kuni mbichi motoni, ivunje kabisa uitupe, isije ikaokotwa na mtoto. Kaboni iliyopasuka ikirushwa inaweza kuingia mkononi. Na ikivunjikia ndani ya mnyama, kata uitupe nyama yote iliyozunguka tundu. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko miba ya samaki na hazionekani kwenye sufuria.

Ya kati, yenye ganda la alumini juu ya kaboni, ni nyembamba, nzito kiasi, na hutoka kwenye shabaha kwa urahisi bila kukuvunja mgongo. Ubaya wake ni bei, na lile ganda hupinda kama alumini yoyote. Kwa mtu anayepoteza mishale, na wa mwaka wa kwanza lazima aipoteze, naona ni fedha za kuzika majanini.

Uzito uwe mbele

Kuna njia ya kuipa kaboni tupu uzito bila kununua mshale wa ghali: weka uzito mbele. Badala ya kiungio cha alumini cha greni 16 kinachoshika chembe, tia cha shaba nyeupe cha greni 50. Kwa mshale wa shemeji hesabu inafika greni 429, sawa na ule wa ganda, tena uzito wote ukiwa kwenye kichwa, mahali unapousaidia mshale kufuata njia yake. Ila kumbuka nilichosema: uzito wa mbele hulainisha wano. Tuliangalia jedwali upya kwa greni hizo 34 za ziada. 400 ilikuwa bado imo, lakini ukingoni. Angekuwa na pauni 65 ningempeleka 340.

Kujua uzito uliopo mbele hakuhitaji mtambo. Ulaze mshale wenye chembe chake juu ya mgongo wa kisu cha jikoni mpaka utulie. Wa shemeji ulitulia inchi 17 na robo kutoka pale upote unapokaa. Nusu ya mshale ni 14, tofauti ni 3.25, gawanya kwa 28: asilimia 11 na kitu. Kati ya 10 na 15 ni pazuri kwa kulungu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi kwa kumfuata Ed Ashby, Mmarekani aliyejaribu mishale kwa wanyama wa Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980. Yeye huhimiza mishale ya greni 650 na zaidi kwa ajili ya mifupa mizito. Kwa nyati sina ubishi naye. Kwa kulungu wa pauni 150 aliyesimama yadi 20, mshale wa namna hiyo kwenye upinde wa pauni 60 utapinda juu hewani kama mpira wa kona.

Chembe kisichokunjuka au cha kufunguka?

Chembe kisichokunjuka makali yake hayasogei, hakina cha kugoma, na kinahitaji nishati kidogo kupenya. Malipo yake ni kwamba kinaufichua mshale usiolingana na upinde, kama kilivyonifichua mimi. Cha kufunguka huruka karibu sawa na cha mazoezi na hukata tundu pana, inchi moja na nusu hadi mbili, lakini hutumia sehemu ya nishati kujifungua, na kina vijisehemu vinavyoweza kugoma. Mke wangu anavuta pauni 45 na mvuto wa inchi 26. Yeye wano lake ni 500, mshale mzima greni 360, chembe cha makali mawili kisichokunjuka, na sitaki kusikia la kufunguka. Shemeji kwa pauni 60 anaweza chochote. Nilimshauri kisichokunjuka, kwa kuwa kitamlazimisha kuurekebisha upinde.

Sheria ya Minnesota inataka upinde usiopungua pauni 30, na chembe chenye makali mawili ya chuma au zaidi, upana usiopungua inchi 7/8, bila miiba ya kurudi nyuma. Vyembe vya madukani vingi vinatimiza hilo, lakini ukivuka kwenda jimbo jingine soma kijitabu chao.

Shemeji ni mtu wa Mombasa na alikuwa na swali lake jingine: nyama itakuwa halali? Nikamwambia mimi si shekhe, lakini alilijua jibu kuliko mimi. Adiyy bin Hatim alimuuliza Mtume kuhusu miradhi, kile kijiti cha kurushwa. Akajibiwa kwamba kikimpata mnyama kwa ukali wake, mle, na kikimpiga kwa ubavu, msimle, huyo ni wa kupigwa. Mwindaji anataja jina la Mwenyezi Mungu anapoachilia mshale, na makali ndiyo yaue. "Kwa hiyo hivi vyembe lazima viwe vikali kweli," akasema, akakijaribu kimoja kwenye karatasi ya gazeti. Hakikukata, kilirarua. Ndiyo, vya kwenye paketi si vyote vikali. Nilimwachia jiwe langu la kunolea.

Alichochukua

Kaboni tupu, 400, inchi 28, kiungio kizito, mshale wa greni 429. Sita badala ya kumi na mbili, na fedha iliyobaki ikanunua kipima umbali. Manyoya na rangi sikuingilia. Alichagua kijani na nyeusi, na ninamwombea asiidondoshe majanini.

Jioni tulirusha yadi 20 kwa vyembe vya kuwindia. Kila mshale tuliuandika namba kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu mishale ya paketi moja si mapacha. Kundi lote liliangukia inchi tatu kushoto kwa vyembe vya mazoezi, tukasogeza kiegemeo kulia, kidogo kuliko unene wa kucha, likarudi. Namba nne ukabaki peke yake juu. Tuligeuza kile kijino chake cha nyuma robo duara ili wano likae kwa upande mwingine, ukaingia kundini. Namba sita tuligeuza mara tatu na haukukubali. Huo umefungwa chembe cha mazoezi moja kwa moja, na podo la shemeji litaingia msituni na mishale mitano.